Kiti Kitupu cha Kuruka Juu

Katika ukoo wetu kuna kiti kimoja ambacho hakijakaliwa na mtu tangu enzi za Darsait, mtaa wetu wa zamani wa Maskati. Si kiti cha mbao. Ni cheo cha mrukaji bora wa zama zote, mwanamme au mwanamke, wa nchi yoyote ile. Mpira wa miguu una mwenyewe, ngumi zina mwenyewe, mbio ndefu na mbio fupi, tenisi, kuogelea, hata kriketi ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeielewa vizuri, zote zina wenyewe. Kuruka juu tu ndiko kuliko wazi. Wanaokigombea kiti hicho ni wawili: bingwa mmoja wa dunia, aliyeshangiliwa na watu wa mabara yote, na shangazi yangu Zuwena, aliyekuwa akitukaangia sambusa.

Wenzangu mliokulia Maskati miaka ya tisini mtanielewa nikisema kwamba Ijumaa ya wakati ule ilikuwa na harufu yake. Kwetu ilikuwa biriani, ubani, na mafuta ya gereji iliyokuwa chini ya jengo letu. Kiyoyozi cha dirishani kilinguruma kama lori linalopanda mlima, na tukizungumza tulipaza sauti bila kujijua. Baba na mdogo wake, Ami Nassor, wakirudi msikitini, sinia inawekwa chini, tunazunguka, tunakula mpaka mikanda inalegezwa. Ikishaondolewa sinia inakuja kahawa na halwa, ile inayong'ang'ania vidoleni. Hapo Baba hujikohoza na kusema, “Haya, leo tunamkalisha nani?”

Ndivyo mchezo wetu ulivyoitwa: kukalisha. Kila mchezo una kiti kimoja, na anayekikalia ni bora kuliko wote waliowahi kuucheza. Baba alikuwa karani wa mahakama, na kazi alikuja nayo nyumbani. Sheria yake ilikuwa moja: hakalishwi mtu mpaka wapatikane mashahidi wawili, waliopo hapo ukumbini, waliomwona kwa macho yao. Aliyeanza sentensi yake kwa “nimesikia” aliambiwa aende akasaidie kuosha vyombo.

Sheria hiyo ilimtesa sana Ami Nassor. Alikuwa na mchezaji wake wa mpira wa Unguja ya zamani, ambaye kwa maelezo yake alipiga shuti wavu ukachanika, kipa akalia. Shahidi wa pili hakupatikana. Shangazi, dada yao mkubwa, ndiye aliyekuwapo uwanjani siku hiyo, na alipoulizwa alisema, “Nassor, ulikuwa na miaka minne. Siku ile nzima uliwapa mgongo wachezaji, unatafuna muwa.”

Kisha likaja dishi juu ya paa, na mambo yakageuka. Je, kuona kwenye televisheni ni kuona? Baba alilifikiria suala hilo Ijumaa mbili nzima, ndipo akatoa hukumu: mubashara inakubalika, kanda ya video haikubaliki, kwa sababu kanda hukatwa na kuungwa. Kwa hukumu hiyo sisi watoto tukawa watu wa maana. Wakubwa walikuwa wakisinzia saa ya mechi. Mimi na kaka yangu Khalfan ndio tuliokuwa macho. Tukawa mashahidi wa kutegemewa, na tukaringa ipasavyo.

Majina ya wageni yalimshinda Ami Nassor kutamka, kwa hivyo kila bingwa alipewa jina la kwetu. Mwenye kiti cha mpira alikuwa Sumaku, maana mpira haukutaka kumwacha. Mwanamke wa tenisi aliitwa Bi Kishindo. Mkimbiaji wa mbio ndefu alikuwa Swala, na huyo aliletwa kwenye mjadala na Otieno, fundi Mkenya wa gereji ya chini. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kupumzika, na biriani ya mama ilimpandisha ngazi bila kualikwa mara mbili. “Wazee, mimi sidanganyi,” aliapa siku hiyo. “Nilikuwa nimesimama kando ya barabara kule nyumbani, huyo jamaa akapita hapa, karibu anikanyage. Na hakuwa anapumua!” Mimi na Khalfan tulikuwa tumemwona Swala mubashara, basi akakalishwa siku hiyohiyo, na Otieno akashangilia kana kwamba ni yeye aliyekimbia.

Ijumaa iliyofuata Khalfan akamleta mrukaji wake. Alikuwa mtu mwembamba kama ufito, na Ufito ndilo jina tulilompa. Mashahidi wanne walipatikana papo hapo. Baba alikwishainua mkono kutoa hukumu, na sauti ikatoka mlango wa jikoni.

“Ngojeni kwanza. Mie nna pingamizi.”

Alikuwa Shangazi Zuwena, mikono imejaa unga. Shangazi hakuwa mtu wa kuingilia vikao. Alikuwa mjane, mnene, mcheshi, na akitaka kupanda gari alisukumwa na watu wawili.

“Pingamizi la nani?” Baba akauliza.

“Langu. Niliruka mie.”

Ami Nassor alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. “Weye, Zuwena? Siku ulipochupa Darsait, Matrah, mtaa wa pili, ilitikisika!”

“Cheka, Nassor. Kamasi zako nimezipangusa mie, na kuruka nimeruka mie.”

Akajifuta mikono, akakaa, akatueleza. Ilikuwa Unguja, alipokuwa msichana wa skuli, siku ya michezo ya wasichana. Hakukuwa na nguzo wala godoro. Wasichana wawili walishika kamba, mmoja huku na mmoja kule, na chini ulimwagwa mchanga. Kila raundi kamba ikapandishwa. Wengine wote walishindwa, akabaki yeye. Mwisho kamba ikawekwa usawa wa kidevu cha Thuraya aliyeishika upande mmoja, na Thuraya alikuwa mrefu kuliko mwalimu. Shangazi akavua viatu, akakimbia, akaruka. Akapita.

“Habari zikafika nyumbani kabla yangu,” alisema. “Jioni ile baba yetu, Mungu amrehemu, akaniletea buibui. Akanambia, Zuwena keshakuwa mkubwa, na wakubwa hawaruki. Basi. Sijaruka tena.”

Khalfan ndiye aliyethubutu kusema kwamba Ufito alipita juu zaidi ya kidevu cha mtu yeyote.

Otieno akamjibu kabla ya Baba. “Kijana, ngoja. Huyo Ufito wako ana kocha, ana viatu, ana godoro, na ameruka maisha yake yote. Mama hapa ameruka siku moja, wakamfungia. Nani anajua angefika wapi?”

Tulikwishakubaliana zamani kwamba ubora haupimwi kwa futi peke yake. Ndivyo bondia wetu alivyokipata kiti chake, ingawa alipigwa mara kadhaa. Lakini Baba hakuweza kuivunja sheria yake mwenyewe. “Mashahidi wawili, dada,” akasema hatimaye, na nilimwona Shangazi akikaa wima kama msichana aliyeitwa jina lake darasani.

Shahidi wa kwanza hakuwa mbali. Bi Thuraya, yule mwenye kidevu, alikuwa akiishi kwa mwanawe Khuwair ya Kusini, papo hapo Maskati. Aliletwa Ijumaa iliyofuata, mrefu bado, mkali bado. Alikula vizuri, akanawa, akashukuru, ndipo akatoa ushahidi.

“Upande wangu, kamba ilikuwa hapa.” Akaweka kidole chini ya kidevu. “Zuwena kapita, na nguo yake haikuigusa. Hilo nakula yamini. Ama upande wa Rehema, aliyeshika ncha ya pili, sikuuona. Zuwena alikuwa hewani katikati yetu, kanizibia. Pengine Rehema kaiteremsha kidogo. Yule mtoto alikuwa na huruma sana.”

“Thuraya!” Shangazi akapiga ukelele. “Nimekulisha biriani!”

“Biriani nimeila, ahsante. Na uwongo siusemi.”

Basi kila kitu kikabaki mikononi mwa Rehema, na Rehema hakuna aliyejua aliko. Baada ya mapinduzi watu walitawanyika kama shanga za uzi uliokatika. Wengine walikuja Oman, wengine Dubai, wengine Mombasa, wengine Ulaya. “Mtafuteni Rehema,” Shangazi alikuwa akimwambia kila mgeni, kabla hata mgeni hajavua viatu.

Mimi sikutaka kungoja. Nilitaka kujua jambo moja ambalo lingeweza kujulikana palepale Darsait: je, anayeruka anaweza kutambua kama kamba imeteremshwa upande mmoja? Tukashuka kwenye uwanja wa magari, Otieno akatoa kamba ya gereji, yeye akashika huku, mimi kule, Khalfan akaruka. Mara nyingine niliiacha kamba ilipo, mara nyingine niliishusha alipokuwa juu, halafu nikaipandisha kabla hajageuka. Kila mara tulimuuliza. Khalfan hakupatia. Mruko alioutangaza kuwa bora kuliko yote, akaomba tumpigie makofi, ndio niliomshushia kamba mpaka magotini. Alimaliza jioni ile ana michubuko ya kutosha timu nzima, na tukapanda juu kutoa ripoti.

“Anayeruka hajui,” nikamwambia Baba mbele ya watu wote.

Nilifurahi kwa kazi nzuri. Baada ya muda ndipo nilipogundua kwamba jikoni kijiko kilikuwa kimeacha kugonga karai. Shangazi alisimama mbele ya mafuta yanayochemka, sambusa imekwishakuwa nyeusi, naye hajaitoa.

Hata hivyo hakuliondoa pingamizi lake. Baba akahukumu kwamba madai ambayo hayakuthibitishwa wala kuondolewa yanakizuia kiti. Ufito akabaki amesimama nje ya mlango na medali zake zote.

Miaka ikaenda. Tuliihama Darsait tukaenda Bawshar, kwenye nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu, ambako hata maziwa yanafuatwa kwa gari. Otieno akarudi kwao. Simu za mkononi zikaingia, kubwa kwanza, kisha ndogo. Siku moja, harusini, mwanamke mmoja kutoka Tanga alimsikia Shangazi akiuliza swali lake la siku zote, akasema, “Rehema yupi? Yule mwenye doa jeupe kwenye nyusi? Huyo jirani yangu.”

Ijumaa iliyofuata ukumbi ulijaa. Bi Thuraya aliletwa. Baba, amestaafu lakini amevaa kilemba chake cha mahakamani, aliketi pale pa hakimu, akahukumu kwamba aliye kwenye simu ahesabiwe yupo ukumbini. Khalfan akapiga simu, akaiweka spika, akaiweka juu ya mto katikati yetu.

“Rehema? Shoga, ndo weye?”

“Zuwena! Ya Rabbi, Zuwena!”

Walilia kwanza, wakacheka, wakalia tena. Shangazi aliuliza watoto, wajukuu, magoti, sukari. Aliuliza mlango wa nyumba yao ya Unguja kama bado una misumari yake. Aliuliza mpaka bibi kizee aliyekuwa akiwauzia ubuyu nje ya skuli. Baba alimfanyia ishara za mkono, Ami Nassor akamkonyeza, Khalfan akachora kamba hewani. Wapi! Mwishowe Rehema mwenyewe akasema, “Na ile siku ya kamba, Zuwena, waikumbuka? Mie nna neno nataka—”

“Kamba gani, shoga! Mie naikumbuka mikate ya kumimina ya mama yako. Hebu nambie, alikuwa akitia iliki ngapi?”

Wakaagana kwa dua ndefu. Simu ilipokatwa, ukumbi mzima ulimgeukia.

“Zuwena!” Baba alisema, karibu alie. “Miaka yote hii! Shahidi kakujia kwa miguu yake, na weye wamfukuza!”

Shangazi alikuwa akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio wake. “Rehema hajui kusema uwongo,” akasema. “Ndo maana simuulizi.”

Bi Thuraya, mkali yule, alimshika mkono. Kahawa ikaletwa.

Leo ukitaka kumjua bora wa zama zote huhitaji Ijumaa. Mwanangu hutoa simu mfukoni, anagusa mara mbili, na orodha ya wote inashuka, pamoja na picha, kabla kahawa haijapoa. Hakuna anayegombana, hakuna anayekula yamini, wala hakuna anayeitwa kutoka Khuwair. Vijana hawa wamewaona mabingwa wote mubashara na si mubashara, na ukiwaambia washuke chini waruke kamba wanakuuliza kama lifti inafanya kazi. Juzi mwanangu alimtafuta Bibi Zuwena mtandaoni, akanionyesha kioo cha simu. “Hayupo, mama.” Nikamwambia najua.

Shangazi bado yupo nasi Bawshar. Hasimami sana siku hizi, lakini Ijumaa hutaka akalishwe pale panapoonekana watu wote. Kila mara anatokea kijana anayesema Ufito sasa apewe kiti chake, na kila mara Shangazi hujibu kutoka kwenye mito yake kwamba pingamizi lake lipo palepale. Rehema, kwa habari za Idi iliyopita, yu mzima huko Tanga, na kumbukumbu zake hazijapotea hata moja. Nambari yake ninayo. Hajaulizwa.