Nilipokuwa Maji ya Kilindini

Siku ya kwanza nilipopelekwa darasani, katikati ya miaka ya tisini, nilikaa kidogo tu nikasimama. Nilikuwa rubani wa bandari: kazi yangu ilikuwa kupanda meli ya kigeni ingali nje na kumwongoza nahodha wake hadi gatini Kilindini, bandari ya Mombasa. Mgongo uliponiharibikia, ngazi za kamba zikanishinda, nikapewa kiti, kompyuta na wanafunzi. Kiti ndicho kilichonitesa.

Mkuu wa Mafunzo alikuwa amenunua mchezo wa kompyuta wa kuendesha meli, na aliupenda kupita kiasi. "Mwalimu, hii ni bahari yenyewe," akaniambia. "Mwanafunzi akiumudu, yuko tayari."

"Bahari gani, bwana mkubwa? Haya maji ni sakafu!"

Sikuwa namfanyia kiburi. Mlango wa Kilindini ni mwembamba. Meli kubwa ikisogea ukingoni, maji yaliyobanwa kati ya ukingo na ubavu wake hukimbia kwa kasi na kuivuta tezi, yaani nyuma ya meli, kuelekea ukingoni, huku omo, mbele yake, ikisukumwa upande wa pili. Ukichelewa kuizuia, meli imekaa mwambani na bandari nzima imefungwa. Mle mchezoni ungeweza kuambaa ukingo mzima na meli isitikisike. Waliouunda walitengeneza mawimbi mazuri ya kutazama, mvuto wakausahau.

Niliyemhofia hasa ni Rukia, binti wa Mji wa Kale, aliyebakisha mtihani mmoja awe rubani. Akishindwa, angerudishwa kwenye kazi yake ya dawati katika ofisi za Shimanzi. Alikuwa bingwa wa ule mchezo, na kila mara alipita ukingoni kabisa, maana ndiyo njia fupi.

Basi nikawa maji. Yeye alishika usukani wa plastiki, mimi nikakaa na kibodi. Akikaribia ukingo, nabonyeza vitufe kuivuta tezi yake. Akapiga mwamba mara nyingi, akaninunia. Kisha ghafla akaacha kupiga. Nilifurahi, hadi nikagundua kwamba alikuwa akitazama vidole vyangu. Nikavifunika kwa kofia. Bado hakupiga.

"Waona nini sasa?"

"Guu lako, mwalimu. Kabla hujabonyeza, latikisika."

Nilitaka kulia. Siku ya mtihani mguu wangu usingekuwamo melini.

Siku hiyo Rubani Mkuu, aliyemtahini, alisimama naye juu, kwenye chumba cha usukani cha meli halisi. Mimi nilibaki ufukoni nikienda na kurudi, hadi mpita njia akaniuliza kama nimepoteza kitu. Meli ikaingia vizuri, kisha mashua moja ikaikatia njia, meli ikalazimika kusogea ukingoni. Nikaona tezi inaanza kuvutwa. Nikapiga kelele peke yangu. Mara tezi ikazuiwa, meli ikanyooka, ikapita. Rukia akawa rubani, nami sikuwahi kumuuliza aliona nini.

Sasa nimestaafu, na yeye ndiye mwalimu. Mashine za leo maji yake huvuta kweli. Juzi alinikalisha nijaribu, akaketi kando yangu. Nilipokaribia ukingo, mguu wangu ukaanza mambo yake, wanafunzi wakacheka.

"Msicheke," Rukia akawaambia.

Nikatazama chini ya meza. Mguu wake ulikuwa umeanza kabla ya wangu.