Mtunza Kompyuta wa Nne

Kiwandani walimwita Mama Kufuli, maana alifunga kila kitu: stoo ya magodoro, kabati la chai, na mdomo wake akiulizwa habari za watu. Labda ndiyo sababu meneja alimchagua yeye. Kompyuta kubwa ya kiwanda, inayopanga oda, mishahara na safari za malori, haikuwa na mtunzaji tena, na haikuwahi kuzimwa tangu iletwe.

"Nunua vitabu, mama, ujifunze kuiendesha na kuiandikia programu. Ukishaiva, uizime tuhamie mpya."

"Na wale watatu waliokuwa nayo?"

"Waliacha kazi," meneja akajibu, macho dirishani.

Mama Kufuli akaingia chumba cha kompyuta kuiangalia. Mlikuwa na baridi ya kupenya mifupa na mngurumo mdogo usiokoma. "Haya bibi, mimi ndiye nitakayekuzima," akaitania. Mngurumo ukashuka, kama mtu aliyeacha kutafuna ili asikie vizuri. Akatoka kinyumenyume.

Kwenye duka la vitabu vilivyotumika, muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwekea viwili mezani. Akagonga kile chembamba. "Hiki cha programu kitakufundisha kuiamuru. Hiki kinene cha usimamizi kitakufundisha kuishi nayo. Anza na kinene, mama. Paa haliezekwi kabla ya ukuta."

Kile kinene kilikuwa na nakala tatu, na mtu wa stoo hapokei kitu bila kukagua. Akazifungua zote. Kila moja ilikuwa imechakaa kwa kusomwa, pembe zimekunjika, hadi sura ya kuzima mashine. Kuanzia hapo kurasa zilikuwa safi, hazijaguswa na kidole. Zote tatu.

"Nani alikuuzia hivi?"

"Watu wa kiwanda chenu. Yaani, si wenyewe. Cha kwanza alikileta mke. Cha pili, mama mtu. Cha tatu alikileta kaka yake huku analia. Wote walisema mwenyewe hajarudi nyumbani."

Mama Kufuli aliogopa, na nani asingeogopa? Aliviacha vitabu palepale, akarudi kwa meneja na kumwambia kazi hiyo hapana, yeye ni wa stoo na stoo inamtosha.

Meneja hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Sawa, mama. Ila yule binti yako, si amemaliza masomo? Sasa hivi kompyuta imemwandika kazini, mtunzaji mpya, aanze kesho. Sikumwingiza mimi. Nilidhani umemwombea wewe."

Mama Kufuli hakuwa amemwombea mtu. Hata jina la bintiye hakuwahi kulitaja kiwandani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alishuka ngazi mbiombio, akavuka barabara bila kutazama, akamkuta mzee wa vitabu anashusha shata la duka.

"Nipe kinene. Na chembamba pia."

"Si uliviacha mwenyewe?"

"Baba, nipe vitabu."

Bado aliogopa, lakini ilibidi aizime kabla binti hajaanza kesho. Akakifungua kinene kwenye zile kurasa safi, ambazo hakuna aliyezifikia, akaanza kusoma hapohapo mlangoni.