Siku Nilipokuwa Kidole cha Dada

Kwetu, kaskazini ya Msumbiji, bibi arusi hachagui pete yake. Akionekana kwa sonara anapinduapindua vito, watu watasema ana haraka ya mume, na haraka hiyo itasimuliwa mpaka wajukuu zake waisikie. Kwa hiyo hutumwa kidole. Hakikatwi, jamani, ingawa Shangazi akikasirika naona kama angeweza. Hutumwa mdogo wake wa kike mwenye kidole cha ukubwa uleule, akavishwa pete kwa niaba yake, wakubwa wakatazama na kubishana, na ile wanayokubaliana ikachukuliwa. Kidole hakina maoni. Kazi yake ni kunyooka.

Katika nyumba yetu kidole nilikuwa mimi, na nyumba nzima ilisikitika.

"Hakuna mwingine?" Shangazi aliuliza. Huyu ni dada yake baba, na mambo yote ya arusi yalikuwa mikononi mwake. "Huyu atakwenda kutufanya tuchekwe mbele ya wakwe."

Alikuwa na sababu. Mwezi uleule nilikuwa nimeliambia darasa zima la kumi kwamba mwalimu wa kemia kahamishiwa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Wote wakaenda nyumbani. Mimi nikabaki nikicheka peke yangu mpaka mwalimu akaingia, maana katika kupanga mzaha wangu nilisahau sehemu ya kukimbia.

Lakini walipofunga uzi kwenye kidole cha Dada na mwingine kwenye changu, kisha wakaziweka nyuzi ubavu kwa ubavu, zilikuwa sawa kabisa. Shangazi akazipima mara tatu akitumaini zitabadilika.

Siku mbili baadaye, tukicheza mpira wa mikono shuleni, mpira ulinigonga ncha ya kidole kilekile na kifundo chake kikafura. Sikumwambia mtu. Kidole hupewa zawadi na upande wa bwana arusi, kapulana mpya ya kujifunga na ndara zenye shanga, na mimi nilikwisha watangazia wenzangu mpaka rangi ya hizo ndara.

Asubuhi ya kwenda kwa sonara, Dada aliniita chumbani. Alikuwa ametiwa ndani wiki ya pili, uso mzima mweupe kwa msiro, ile dawa ya mti inayosagwa juu ya jiwe ili ngozi ya bibi arusi ilainike. Msiro ukikauka hutakiwi kucheka, hutakiwi kununa, ukisema unasema kwa meno. Ukikunja uso unapasuka kama tope la kiangazi.

"Iko moja ya fedha," akasema kwa meno. "Ya zamani. Jiwe lake jekundu, halina pembe, limevimba kama kunde."

"Umeijuaje?"

"Nilipopeleka herini ikaungwe. Kabla sijawekwa ndani. Sonara aligeuka, nikaijaribu."

"Umejaribu pete! Wewe!"

"Usipige kelele, we mtoto."

"Si umwambie Shangazi?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilikwenda kujichagulia?"

Ingekuwa siku nyingine ningemtania mpaka msiro umwagike. Lakini alinishika mkono, akanibana, na nikaona macho yake katikati ya ule weupe. Dada yangu ni mtu wa kusema "chochote tu." Ukimuuliza atakula nini, chochote tu. Nguo, chochote tu. Tulipokimbilia Pemba wakati wa vita, tukalala watu wanane chumba kimoja, alipoulizwa anataka kulala upande gani alisema popote tu, akapewa mlangoni. Hata habari ya mume, alipoulizwa, alisema hana neno. Basi leo huyu mtu anataka kitu. Kimoja. Kina jiwe kama kunde.

"Nitaileta," nikamwambia.

"Usifanye mzaha."

"Wallahi sifanyi."

Ndiyo ahadi ya kwanza niliyowahi kuitoa bila kupishanisha vidole mgongoni ili isihesabike, na kidole chenyewe kilikuwa kinaniuma.

Duka la sonara liko nyuma ya soko. Ni chumba kimoja cha bati, dirisha dogo, na taa nyeupe kali inayomulika kisanduku cha kioo. Sonara mwenyewe ni mwembamba kama waya anaoufua. Wakati mji mzima ulipokimbia vita, alifunga vito vyote tumboni kwa kitambaa, akatembea siku mbili na tumbo la ghafla, na watu walikuwa wanampisha kivulini wakidhani anaumwa. Alirudi nalo vilevile. Huwa anazungumza na pete zake kwa upole ambao wateja hatupati.

Mama yake bwana arusi alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kigoda anajipepea. Kwao ni upande wa Mtwara, anavusha vitambaa mpakani, na ni mtu asiyependa maneno marefu.

"Mwanangu haoi pete, anaoa mtu," akasema. "Chagueni, mimi nipo."

Nje ya mlango walikuwa wamekwisha jipanga wauza samaki wa kukaanga na wauza maandazi, wamejifanya wana shughuli. Wanajua desturi. Pete ikikubaliwa, kidole hutoka mlangoni, mkono huinuliwa juu, na wanawake hupiga vigelegele. Vikishapigwa, basi. Pete iliyopigiwa vigelegele hairudishwi, maana ikirudishwa watu wataanza kuuliza bibi arusi ana kasoro gani.

Hujaribiwa pete tatu. Ya kwanza ilikuwa ya feruzi, buluu kama rangi ya mlango wa msikiti.

"Hiyo ya kuzikiwa," akasema Shangazi. Ilikuwa pana, ikavuliwa upesi.

Ya pili ilikuwa mpya. Dhahabu nyembamba, katikati jiwe jekundu lililokatwa nyuso nyingi, na pembeni limezungukwa na vijiwe vyeupe vidogovidogo kama punje za chumvi. Chini ya ile taa ilirusha cheche mpaka kwenye bati. Shangazi alivuta pumzi ndani akasahau kuitoa.

"Hii."

"Dhahabu ni dhahabu kweli," akasema sonara. "Jiwe ni la kiwandani, sikufichi. Yakuti ya kupikwa. Ndiyo maana safi, haina doa."

"Usafi umekuwa kosa?"

"Si kosa, mama. Nakwambia tu unachonunua."

Nikanyoosha mkono wangu, nikatazama dari, nikasema kama mtu anayesoma tangazo: "Pete huwa tatu."

"Kidole kinasema?" Shangazi akageuka.

"Hakisemi. Kinahesabu."

Mama yake bwana arusi akacheka nyuma ya upepeo wake. "Muache, desturi ni tatu kweli. Lete ya tatu."

"Ile ya fedha," nikamwambia sonara haraka, kabla hajashika nyingine. "Yenye kunde."

Akaitoa kwa ncha za vidole. Fedha nene, imelikumbatia jiwe pande zote bila kucha za kulishikilia, na ukingo wake umelainika kwa mikono ya watu waliotutangulia. Alisema ni kazi ya mafundi wa zamani, na jiwe ni yakuti ya bara, ya upande wa Montepuez. Alilinunua kwa mvulana aliyekuwa analichezea bao bila kujua ni nini, akalisugua, akalitia kwenye pete iliyokuwa imepoteza jiwe lake.

Shangazi akainama. "Lina nywele humu ndani!"

"Ndiyo alama ya jiwe lililozaliwa ardhini. La kupikwa halina nywele."

"Mimi bibi arusi wangu avishwe jiwe lenye nywele? Na fedha? Watasema kaolewa kwa kijiko."

Kusema kweli, chini ya ile taa pete ilikuwa imelala. Nyeusi nyeusi, kama ukwaju uliosahauliwa chunguni. Niliisukuma kwenye kidole, ikafika kwenye kifundo, ikagoma. Nikaisukuma tena huku natabasamu kama mtu anayepigwa picha, machozi yananilenga. Ikapita. Shangazi alikuwa amekwisha rudi kwenye ile ya dhahabu, anamuuliza sonara kama ina kisanduku cha mahameli.

Nikawaza, Dada hakuiona chini ya taa hii. Herini huletwa asubuhi, na asubuhi mlango huwa wazi. Aliiona kwenye jua.

"Naenda kuitazama kwenye mwanga," nikasema. Hakuna aliyenisikia, lakini nilisema.

Hatua mbili nikawa kizingitini. Naapa nilitoka kulitazama jiwe tu. Naapa nusu. Nikainua mkono, na lile jiwe likaamka. Sijui niseme vipi. Kaa la moto ukilipuliza, ule wekundu unaopanda kutoka ndani, ndio huo. Na zile nywele zake zikashika mwanga, ukatokea mstari mweupe mwembamba unaotembea juu ya jiwe nikigeuza kidole, unakwenda na kurudi kama unanikonyeza. Ile ya dhahabu ilikuwa inarusha mwanga wa watu. Hii ilikuwa na wake.

Mkono ulikuwa bado juu.

Aliyeanza ni muuza samaki, upawa mkononi. Kigelegele chake kilipasua soko. Wauza maandazi wakakipokea, wasusi wakakipokea kwa wauza maandazi, na mpaka kwenye pampu ya maji nikawasikia wanawake ambao hawakuona pete wala kidole, wanapiga tu kwa sababu furaha ikipita huulizi inatoka wapi.

"Shusha!" Shangazi alitoka mbio. "Shusha huo mkono, kichaa we!"

Nikashusha. Muuza samaki alikuwa anacheza.

Halafu mama yake bwana arusi akaja mlangoni. Akatazama umati, akatazama pete, akadhani tumekwisha kubaliana yeye akiwa anajipepea. Akavuta pumzi, akapiga kigelegele kirefu cha Mtwara, cha kupanda ngazi. Sasa mkwe mwenyewe kapiga. Shangazi akawa hana njia. Akafungua kinywa, akapiga na yeye, kigelegele cha mtu anayeng'olewa jino.

Tuliporudi ndani akafunga mlango. "Vua."

Nikavuta. Haikutoka.

"Nimesema vua, acha mzaha."

"Haitoki, Shangazi."

"Unamtania nani?"

Hilo ndilo pato la mtu anayedanganya darasa zima. Alivuta yeye, akavuta sonara. Sabuni, mafuta ya nazi, kila kitu. Kidole kikawa rangi ya bilinganya, na hapo hata Shangazi akaamini. Sonara akachukua msumeno mdogo kama unywele.

"Nitaikata hapa nyuma. Lakini sikufichi, mama. Kuiunga lazima moto, na kwa moto lazima nilitoe jiwe. Fedha hii kuukuu. Ikifunguliwa huenda isilishike tena."

Niliona uso wa Shangazi ukichangamka. "Basi ikiharibika si kosa la mtu. Tutachukua ile ya dhahabu kimyakimya."

Nikaficha mkono mgongoni. Nilitaka kusema ni pete ya Dada, anaitaka, hajawahi kutaka kitu. Lakini siri haikuwa yangu.

"Bora mkate kidole," nikasema.

"Usinijaribu."

"Nipeni mshipi! Wa kuvulia, mwembamba. Nati ya baiskeli iliwahi kuning'ang'ania hivihivi shuleni, mlinzi akaitoa kwa mshipi."

"Nati ya baiskeli ilifuata nini kwenye kidole chako?" aliuliza mama yake bwana arusi.

"Nilikuwa namchumbia rafiki yangu."

Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akatoka mwenyewe kuuomba mshipi kwa wauza samaki. Nikawaelekeza kama mwalimu. Ncha ipite chini ya pete. Uzungushwe kidoleni, ubane, mzunguko ukigusa mzunguko, mpaka upite kifundo. Sonara alizungusha, mkwe akanishika kiwiko, mimi nikauma ncha ya mtandio. Halafu sonara akaanza kuifungua ile ncha ya ndani, na pete ikawa inapanda juu ya mshipi, uzi kwa uzi, kama mdudu mvivu. Kwenye kifundo ilisimama.

"Vuta!" nikasema. "Vuta, fundi, usinionee huruma!"

Ikatoka. Nzima. Na ngozi yangu kidogo, ambayo sijaidai.

Njia nzima Shangazi alitembea hatua kumi mbele yangu. Tulipofika alimkabidhi Dada kisanduku kama mtu anayekabidhi habari ya msiba. Dada akakifungua. Hakupiga kelele. Akaivaa, ikateleza mahali pake bila kubembelezwa, kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akafungua kinywa chote.

"Shangazi, ndiyo hii niliyoitaka."

Msiro ukapasuka kuanzia shavuni mpaka kidevuni.

"Uliijulia wapi?"

Akaeleza yote, herini, sonara kugeuka, kuijaribu. Nikasogea karibu na mlango, maana safari hii nilikumbuka sehemu ya kukimbia. Lakini Shangazi akanyoosha mkono aletewe pete. Akaivaa kwenye kidole chake mwenyewe, akasogea dirishani, akaanza kuigeuza taratibu, huku na huku, akiufuata ule mstari mweupe. Akageuza tena. Na tena. Tukasubiri. Nikaanza kuona kwamba hana mpango wa kuivua.

Dada akasimama, vipande vya msiro vikimdondoka kifuani, akakinga kiganja mbele yake.

"Shangazi," akasema. "Ya kwangu."