Dakika Kumi za Kuomba Chumba

Nilipewa dakika kumi. Wakurugenzi watano walikuwa wamekuja kutoka Nairobi kukagua hoteli, na meneja akaamua kila idara itoe mtu mmoja aseme shida yake. Wenzangu wa udobini walinichagua mimi kwa sababu nina fomu foo na mdomo. Walisema hivyo hivyo, mdomo.

Shida yetu ilikuwa moja. Wanawake watatu tulikuwa tunanyonyesha. Maziwa yakijaa tulikwenda kuyakamua chooni, mlango tumeuzuia kwa mguu, kisha tunayamwaga. Mwanangu wa miezi mitano alikuwa anashinda kijijini Waa kwa mamavyaa, anakunywa uji. Na hapo karibu na mashine zetu palikuwa na kijichumba kilichojaa vitanda vibovu vya ufuoni. Tulikitaka hicho.

Jumapili nilifanya mazoezi mbele ya mamavyaa. Nilianza moja kwa moja na chumba. Akanikatiza.

"Ebo! Unaingia kwa watu wazima na haja mkononi? Hujawaamkia, hujawapa pole ya safari? Watasema hukulelewa."

"Mama, nina dakika kumi."

"Kwani salamu inamaliza kumi?"

Nikamsikiliza. Msimamizi wetu, kijana wa bara, naye akaniongezea slaidi kumi na nne: picha za mashine, picha za shuka, historia ya udobi. "Mabosi wanapenda slaidi, madam. Ombi weka mwisho, utamu uko hapo."

Basi siku ikafika, nikasimama, nikawaamkia wote watano. Mzee mmoja tu ndiye aliyeitikia marahaba. Wengine walitazamana. Nikatoa pole za safari, nikauliza habari za nyumbani, nikashukuru uongozi. Slaidi ya tatu, mmoja akachukua simu. Ya sita, mwenyekiti, mama mwenye miwani, akaangalia saa.

"Asante sana, dada. Kazi nzuri. Anayefuata?"

Sikuwa nimeomba kitu! Nilihisi maziwa yanalowesha sare yangu kifuani. Mkulima wa bustani alikuwa keshainuka na karatasi yake. Nikabaki pale pale.

"Sijasema lililonileta."

"Wakati umekwisha, dada," meneja akasema, macho yananichoma.

"Nakamua maziwa ya mwanangu chooni kwenu," nikamwambia mwenyekiti, "nayamwaga, kisha narudi kukunja shuka za wageni. Tuko watatu. Tunataka kile chumba cha vitanda vibovu, kiti, friji ndogo na komeo la ndani. Ni hilo tu."

Hakuna aliyegusa simu. Mwenyekiti akamgeukia meneja.

"Chumba hicho kina nini?"

"Kina vifaa, madam."

"Vifaa gani?"

"Vitanda… vilivyovunjika."

"Vitoeni leo. Friji tunayo?"

"Iko moja baa, haitumiki."

Akaandika. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mbona hukuanza na hili?"

Ningemwambia nini, kwamba kwetu ukianza na haja wewe ni mshenzi?

Nilitoka na chumba, na nilitoka nimefura kwa hasira. Jambo lilikuwa limechukua muda mfupi kuliko salamu zangu. Miezi miwili tumezuia mlango kwa mguu, na lilikuwa linangoja sentensi nne! Mkulima wa bustani alipotoka nilimsikia akijisifu kwamba alianza na mpira wa maji, akaupata.

Kesho yake jioni nilifika Waa na chupa ya maziwa kwenye mfuko wa barafu. Mamavyaa akataka habari zote, nikampa zote.

"Ukawapandishia sauti watu wazima?"

"Niliwapandishia."

Alisonya, akaifungua chupa, akainusa, akamlaza mtoto vizuri mapajani, akamnywesha. Mimi sikuweza kukaa, ile miezi miwili ilikuwa bado inanichemsha. Nilizunguka uani, nikaanua nguo ambazo hazijakauka, nikazianika tena.