Safu ya Kumi na Saba

Winfrida Kobelo aliposikia kwamba mtambo utajaribiwa saa saba mchana, na kwamba mzigo wa kwanza utapelekwa safu ya kumi na saba, chai ilimpalia. Injinia Ezekiel, kijana mpole aliyetumwa kutoka Dar, akamsogezea kiti.

"Uko sawa, mama?"

"Niko sawa, baba. Chai ya moto tu."

Chai yenyewe ilikuwa imepoa tangu saa mbili.

Pale ghalani Kihonda, Winfrida alijulikana kama mwanamke asiyetishika. Aliteremka mjini mwaka tisini na nane kutoka Mgeta, kwenye kijiji cha misheni ambako baba yake alilima kabichi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba kabichi likimponyoka mtu, analifuata shambani kwa jirani. Aliajiriwa kufagia. Miaka miwili baadaye akapandishwa kwenye chumba cha juu chenye kioo, akawa anamwendesha Twiga, na wanaume waliokuwa wakimcheka wakajifunza kumwamkia.

Twiga ni jina la wafanyakazi. Wazungu waliomleta walimpa jina refu ambalo hakuna aliyelishika. Ni winchi ndefu inayopita kwenye reli katikati ya rafu mbili za chuma, kila rafu juu kama ghorofa nne, imegawanywa kwa nguzo kuwa safu za vyumba. Mwendeshaji anaiambia kompyuta kuna mzigo gani, kompyuta inatafuta chumba kitupu kwenye rafu, Twiga anakwenda mwenyewe na kuusukumia humo: mchele wa Dakawa, karanga za Gairo, mdalasini wa Kinole. Hakuna mgongo wa mtu unaobeba gunia. Ila kompyuta ilikuwa imezeeka, na ikigoma ilibidi ipigwe kofi ubavuni kama redio ya mkulima.

Mwaka 2009 Twiga aligoma katikati ya msimu, malori yamepanga foleni hadi barabarani. Winfrida akazima kengele ya hatari, akamwendesha kwa mkono, haraka haraka, na tani moja ya mahindi ikaivaa nguzo ya safu ya kumi na saba. Nguzo ikapinda. Hakuna aliyeona isipokuwa Nasibu, fundi wa zamu. Nasibu alikuwa na roho nzuri na akili ya njia za mkato. Aliinyoosha nguzo kwa nyundo, akaipaka rangi, kisha akamwambia, "Iambie kompyuta vyumba vya safu hiyo vyote vimejaa. Mashine haipeleki mzigo mahali palipojaa."

Winfrida akaandika: mchele, vyumba kumi na viwili. Mchele ambao haukuwahi kuwapo. Kwenye daftari la ghala safu hiyo aliiandika tupu, kwa hiyo waliokuja kukagua mali hawakuona kasoro. Aliyedanganywa ni kompyuta peke yake. Walikubaliana waseme ukweli msimu ukiisha. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Miaka ikapita kumi na minne, Nasibu akafariki, naye Winfrida akabaki na siri peke yake. Mwanzoni ilimnyima usingizi. Baadaye akaizoea, na hilo ndilo baya zaidi ninaloweza kulisema juu yake.

Mwaka huu kampuni ikaamua kumfanya Twiga kijana tena. Mwili ungebaki ule ule wa chuma, ila ubongo, macho na waya vyote vibadilishwe. Ezekiel hakuiamini kompyuta ya zamani hata chembe. Alimpitisha Twiga kila safu, macho mapya yakachungulia kila chumba, na asubuhi ile akaja akicheka.

"Mama, kompyuta yenu ilikuwa inaota! Safu nzima imejaa mchele, kumbe hamna hata punje. Nimeshafuta. Tutaanzia hapo hapo, tani moja, chumba cha juu kabisa."

Tangu hapo moyo wa Winfrida haukutulia. Saa nne alimfuata Ezekiel, akafungua mdomo, akajikuta anamwuliza kama amekunywa maji. Saa tano akamfuata tena, akamkuta na simu sikioni, akashukuru Mungu na papo hapo akajichukia. Alijiona amesimama mbele ya wakubwa. Alijiona polisi. Aliwaona akina mama wa jumuiya ya kanisani wakinyamaza anapoingia. Bado miaka miwili tu astaafu, na jina lake lote zuri lilikuwa limening'inia kwenye nguzo ile.

Kisha woga ukamletea wazo, nao woga haukosi mawazo. Wakati wa jaribio hakuna mtu atakayekuwa ndani. Nguzo ikishika, basi, siri imekwisha salama. Ikianguka, yatakayomwagika ni magunia, na kila mtu atasema ni huo mfumo mpya wa kijana wa Dar. Aibu iliyomshika hapo aliimeza. Akaamua kunyamaza.

Saa saba kasoro, Yusuph, msimamizi, alihesabu watu kwa mtindo wao wa siku zote: anayetoka anatundika kofia yake ngumu msumarini mlangoni. Kofia zilitimia kumi na moja. "Wote wako nje!" akapaza sauti. Ezekiel akasimama kwenye kabati la waya lililo mlangoni, na Winfrida akakaa juu kwenye kioo chake, mbele ya skrini mpya zilizoonyesha kila pembe ya ghala. Mguu wake mmoja ulikuwa unacheza wenyewe, akaukanyaga kwa mwingine.

Twiga akanyanyua tani yake ya mpunga. Alikwenda kimya, bila kile kilio cha zamani, na ukimya ule ulimtisha Winfrida kuliko kelele. Safu ya tano. Ya tisa. Ya kumi na mbili. Winfrida hakuweza kumwangalia, akageuzia macho skrini ya pembeni, ile inayoonyesha sakafu.

Chini ya safu ya kumi na saba kulikuwa na mtu amesujudu.

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe chekundu, akakigonga kwa kiganja chote, akateremka ngazi akipiga kelele isiyo na neno. Twiga akasimama ghafla safu ya kumi na sita, mzigo wake ukiyumba juu.

Alikuwa Zuhura, mfagiaji, mwanamke wa Kinole ambaye walikula naye sahani moja tangu aajiriwe. Alitoka na mkeka wake kwapani, ushungi umelowa maji ya udhu. Kofia alikuwa ameivua ili atie udhu, akaitundika msumarini kama kawaida yake, kisha akaingia kwa mlango wa nyuma.

"Jamani, mimi naswali pale siku zote," alisema. "Mwaka wa kumi na moja huu. Nilishaona ndipo mahali pekee Twiga haweki mzigo. Nikajua pana usalama."

Akamkumbatia Winfrida kwa nguvu. "Umeniokoa, dada. Wallahi umeniokoa."

Yusuph alikuwa amekaa chini, uso umempauka. Wengine walimzunguka Winfrida, wakamshika mabega, wakamsifu macho yake. Ezekiel alijifuta jasho, akasema wapumzike dakika kumi, wahesabu watu kwa majina, halafu waendelee.

Hapo ndipo Winfrida aliogopa kweli kweli. Woga wa asubuhi ulikuwa wa kukamatwa. Sasa hakuna aliyekuwa anamtafuta. Ilitosha akubali kukumbatiwa, anyamaze, na ukweli uende kaburini kwa Nasibu. Alihisi moyo wa Zuhura ukimpiga kifuani, wa mtu aliyeponea chupuchupu.

"Usiendelee, baba," alisema. Akarudia kwa nguvu. "Usiendelee. Ile nguzo ni mbovu. Niliigonga mimi."

Alisema yote, mahindi, nyundo, rangi, mchele wa uongo. Jina la Nasibu alilitaja mara moja tu, na bila kumtupia lawama. Ezekiel alikwenda na ngazi na bisibisi, akaikwangua rangi kwenye maungio ya nguzo. Aliporudi alikuwa na boliti mkononi. Aliibana kidogo kwa vidole, ikamomonyoka kutu.

"Hii haikuhitaji tani," alisema taratibu. "Hata Twiga kupita tu karibu kwa kishindo kungetosha. Ingeweza kuanguka siku yoyote."

Zuhura alikuwa bado amemshika Winfrida mkono. Akauachia. Alitazama kule ndani, kwenye kipande cha sakafu alichokifagia na kukiswalia miaka kumi na moja, kisha akamgeukia rafiki yake. Hakupaza sauti.

"Mashine uliiambia isiende pale," alisema. "Mimi je?"