Udongo Kwenye Hambaga

Mwanangu ameninunulia hambaga kwenye hoteli ya ufukweni, kwa pesa inayotosha kuku wawili wa kienyeji. Harufu ya mafuta yake tu imenirudisha utotoni.

Ya kwanza aliniletea mjomba, mpishi kwenye hoteli ya watalii, imefungwa kwa karatasi iliyolowa mafuta. Nilikuwa naitafuna Bibi aliponiuliza inaitwaje.

"Hambaga," nikamjibu.

"Ham? Ham si ndiyo nguruwe? Tema, najisi hiyo!"

Akanitia kidole kooni, nikatapika. Kisha akakoroga udongo na maji, akanisukutua kinywa kwa tope lile tena na tena, kama kinavyotoharishwa chombo kilichorambwa na mbwa. Mafuta yaliganda kwenye kaakaa, matapishi yakanitoka puani, mchanga ukanilia menoni.

Jioni mjomba alicheka hadi akakaa chini. "Mama, ile ni nyama ya ng'ombe!"

Bibi hakucheka. Alinivuta pembeni, akaninong'oneza, "Ilikuwa tamu?"

Sasa mwanangu ananitazama ninavyotafuna. "Vipi baba, tamu?"

Namwambia tamu sana, huku mchanga ukinilia menoni.