Msijisumbue

Lavonne Hruska alifika kambi ya mtoni Jumatano, kabla ya saa sita mchana, peke yake, akivuta trela la kulala, lile ambalo paa lake hushushwa safarini na kuinuliwa kambini. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akifika hapo ameketi kiti cha abiria. Mumewe Delmar ndiye aliyeshika usukani, na Delmar walimzika Februari, ardhi ikiwa imeganda hata wachimba kaburi wakalazimika kuipasha moto kwanza.

Kambini pale anayewahi ndiye anayepata, na nafasi namba kumi na nne ndiyo iliyo karibu zaidi na maji. Kwa hiyo kila Juni mtu mmoja wa ukoo hutangulia Jumatano akailinda, na wengine wakafuata Ijumaa na watoto, mbwa na masanduku ya barafu. Mwaka huu Lavonne alikuwa amejipa kazi hiyo mwenyewe.

Alirudisha trela nyuma mara nne, likakataa kama ndama anayeona zizi geni. Mara ya tano likaingia. Jirani wa nafasi iliyofuata, mwanamume wa makamo aliyetoka New Jersey, akainuka kitini akaja.

“Mama, nikusaidie kuinua hilo paa?”

“Hapana, usijisumbue. Nitaweza.”

“Haya basi, kazi njema,” akasema kwa moyo mweupe, akarudi kuketi.

Lavonne alibaki amemkodolea macho mgongoni. Kwao Iowa, msaada hukataliwa mara mbili, ukapokewa mara ya tatu. Ya kwanza ni adabu tu. Ya pili ni kumpa mwenzio mlango wa kutokea, kama alisema kwa midomo tu. Ya tatu ndiyo neno lenyewe. Delmar alimposa mara tatu katika msimu mmoja wa mavuno ya mahindi, na zile mbili za mwanzo aliondoka akipiga mluzi. Na ile miaka ishirini na tisa aliyopika shuleni, Lavonne hakuwahi kumwamini mtoto aliyesema ameshiba. Alimuuliza tena, na tena, na ule mkono mdogo hatimaye ukainua sahani.

Akaliinua paa mwenyewe. Alizungusha mkono wa chuma mizunguko kumi, akapumzika, akazungusha kumi mingine. Paa likapanda taratibu, turubai likanyooka na kutoa harufu ya moshi wa mwaka jana. Lilipofika juu aligeuka, kama mtu anayetaka kuonwa. Jirani alikuwa amelala usingizi.

Ndipo akaenda kwenye bomba la maji, mahali pekee simu inaposhika, ampigie bintiye Renae kumkumbusha alete mito ya watoto. Mwezi Mei alikuwa amewaambia wanawe, Renae wa Des Moines na Kendall wa Arizona, kwamba kama wamebanwa na kazi wasijisumbue kuja. Jumapili moja alisema hivyo. Jumapili iliyofuata akasema tena. Ya tatu wakazungumzia mvua, naye akakata simu akiwa ameridhika kwamba jambo limekwisha: watakuja. Akapika saladi ya viazi ya watu kumi na mmoja.

“Mama, kwani uko wapi?” Renae aliuliza.

“Mtoni. Kumi na nne. Paa limeshasimama.”

Kisha Renae akataka kujua ni nani aliyeliinua, na aliposikia akamwambia mama yake kwamba siku moja atavunjika kiuno na kaburini ataagiza wasijisumbue kumzika. Walicheka wote wawili. Kicheko cha Renae ndicho kilichoisha kwanza.

“Lakini Mama, si wewe uliyesema tusije? Tena mara mbili. Tukajua bila Baba huwezi kupatazama mahali pale. Kendall ameshaahirisha safari. Watoto wangu wana mechi.”

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Lavonne: si kitu, mwanangu, nyinyi endeleeni na mambo yenu. Miaka sabini yalikuwa yakitoka yenyewe, kama mlango usio na komeo. Aliangalia bomba likidondosha maji. Aliyahesabu matone mpaka ulimi ukatulia.

“Nilisema hivyo,” akasema. “Sikumaanisha. Njoo, Renae.”

“Mama, unaumwa?”

“Siumwi. Nataka uje. Niko peke yangu huku na sipendi.”

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno ya namna hiyo, hata Delmar. Masikio yalimwaka moto kama ya msichana aliyekamatwa akiiba sukari.

Renae akajibu kwa sauti ndogo. Watoto wana mechi, alisema, hilo haliwezi kubadilika, na Kendall ndiyo basi tena. Lakini yeye angeweza kuja Jumamosi jioni, peke yake, mpaka Jumapili saa sita.

“Vizuri,” alisema Lavonne, na safari hii hakumwambia asijisumbue.

Akarudi kwenye trela. Kati ya vitanda viwili vinavyovutwa nje kama droo, alivuta kile cha upande wa mto, akakisimamishia nguzo zake chini. Akatandika shuka, blanketi, na blanketi la pili. Bado siku tatu. Watoto wa watu walikuwa wakipigiana kelele majini. Alipanda kitandani akakaa kidogo, kuona kama wakinyamaza hao, atakayelala hapo ataweza kuusikia mto.